Maswali ya wasomaji: Filamu za Kihindi na mama mkwe anayedai ameshiba

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu ukurasa wote nimeuachia barua tatu tu. Waandishi wake hawajuani, lakini ukizisoma pamoja ungedhani walikaa kibaraza kimoja wakizungumza: zote zinahusu filamu za mapenzi za Kihindi, sufuria iliyo jikoni, na watu wa nyumba moja wasioelewana juu ya hivyo viwili. Nimezifupisha kidogo na kuficha majina, kama ilivyo desturi yetu.

Barua ya kwanza

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa miaka 23, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na mtoto wangu wa kwanza ana miezi tisa. Mume wangu ni fundi umeme. Hutoka alfajiri kwenda kwenye ujenzi Mtumba na hurudi giza limeshaingia. Tangu nijifungue nimekuwa mpenzi mkubwa wa filamu za mapenzi za Kihindi. Kijana wa mtaani huniwekea kwenye flashi, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa, nami huzitazama mtoto anapolala mchana. Humo ndimo nilimopata hamu ya kupika: nikiona wanakula kitu, situlii mpaka nikijaribu. Nimeshapika dengu za kumwagiwa vitunguu saumu vya kukaanga, nimeshapika biriani la mboga. Mama mkwe amekuja kutoka Mpwapwa kunisaidia kulea. Ni mtu mwema, lakini anasema filamu hizi zitanifanya nimdharau mwanawe, na chakula changu hakili. Huniambia ameshiba, kisha jioni namwona akijisongea ugali wake wa uwele na mlenda. Nina maswali matatu. Je, ni kweli filamu hizi zinaharibu ndoa? Je, mtoto anaweza kula chakula chenye viungo? Na ile jibini nyeupe wanayoikata vipande kwenye mchuzi wa mchicha, ambayo dukani mjini nimeikuta kwa bei sawa na hela yangu ya mboga ya siku tatu, inawezekana kuitengeneza nyumbani? – Mama K., Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu lina jibu la uhakika ambalo unaweza kulifanyia kazi kesho asubuhi, halafu nitarudi nyuma taratibu mpaka kwa mama mkwe, ambako kunahitaji uangalifu zaidi kuliko maziwa yanayochemka.

Jibini hiyo Wahindi huiita paniri, na haihitaji chochote ambacho huna: lita moja ya maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa krimu, ndimu mbili, kitambaa safi cha pamba na kitu kizito. Chemsha maziwa kwa moto wa wastani huku ukikwangua chini ya sufuria kwa mwiko, maana yakishika chini jibini yote itanuka moshi. Yakianza kupanda, punguza moto. Kamua ndimu, chuja mbegu, changanya maji yake na maji ya kawaida kiasi hicho hicho, kisha yamimine kidogo kidogo, kijiko kimoja baada ya kingine, huku ukikoroga polepole. Kwanza hutaona kitu. Halafu ghafla maziwa yatakatika: mabonge meupe yatakusanyika juu, na chini yatabaki maji yenye rangi ya njano inayoelekea kijani. Hapo acha kumimina, hata kama ndimu haijaisha. Mara yangu ya kwanza, nilipokuwa nimeolewa karibuni, nilimimina ndimu zote kwa mkupuo kwa kuogopa kwamba hazitoshi, kisha nikaendelea kuchemsha kwa muda mrefu. Tulichokula usiku ule kilikuwa kigumu kama kandambili, na marehemu mume wangu alitafuna bila kusema neno.

Mwaga kwenye kitambaa ulichotandika juu ya chujio, suuza kwa maji baridi ili ukali wa ndimu uondoke, kamua, tundika kwa robo saa, kisha kunja kitambaa kiwe bapa, weka kati ya sahani mbili na uelemeze sufuria yenye maji juu yake kwa saa moja. Lita moja itakupa kati ya gramu 150 na 200, ambazo zinatosha mchuzi wa watu watatu. Paniri haiyeyuki motoni kama jibini ya Kizungu, kwa hiyo unaweza kukaanga vipande vyake mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Mchicha uchemshe dakika mbili tu, utumbukize kwenye maji baridi ili rangi isife, uponde, kisha uunge kwa kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba na nyanya moja. Paniri huingia mwisho kabisa. Yale maji ya njano usiyamwage. Kandia unga wa chapati.

Kuhusu mtoto, jibu ni ndiyo, kwa mipaka. Mtoto wa miezi tisa aliyekwisha kuzoea vyakula vya kulikiza anaweza kuonja chakula chenye kiasi kidogo cha manjano, giligilani, bizari nyembamba au iliki. Watoto wa Kihindi hulelewa hivyo, na wa Unguja pia. Kisichomfaa ni pilipili, na pia chumvi na sukari ya kuongeza, kwa hiyo mchotee sehemu yake kabla hujatia chumvi kwenye sufuria ya wakubwa. Asali asipewe hata ncha ya kijiko mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ambayo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuikabili. Dengu na mbaazi ni chakula kizuri sana kwake, lakini zipondwe mpaka ziwe uji mzito. Dengu nzima inaweza kumpalia. Ukikamulia tone la ndimu au kumpa kipande cha chungwa kilichomenywa vizuri, mwili wake utayachukua vyema madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu hizo, ilhali chai, ambayo naona watu wengi mjini humu huwapa watoto pamoja na mkate, hufanya kinyume chake. Na uendelee kumnyonyesha.

Jambo moja hukuuliza, nami nitalisema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na hata mwenye miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Umesema unatazama akiwa amelala, na hilo ni jema. Akiamka, zima. Hapo tatizo lako la pili litajitokeza lenyewe: filamu hizi ni ndefu. Nyingi zinakaribia saa tatu, na mtoto wa miezi tisa halali saa tatu mchana. Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema yenye mapumziko, na mtunzi hukata hadithi katikati kwa makusudi, mahali ambapo moyo umening'inia. Fuata mkato huo. Nusu leo, nusu kesho, na katikati una siku nzima ya kujiuliza itakuwaje huku unapepeta mchele.

Sasa tuje kwa mama mkwe na lile swali kubwa.

Hofu yake si ya ajabu, na wala si yake peke yake. Anaona mkamwana wake ameinamia kioo, akilia kwa ajili ya mwanaume asiyemjua, na nje jua linazama bila mwanawe kurudi. Nami pia ningejiuliza. Lakini nadhani hajawahi kukaa kuzitazama filamu zenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu angefanya hivyo angegundua kwamba nyingi zimeandikwa kwa ajili yake yeye kuliko wewe. Chukua *Dilwale Dulhania Le Jayenge* ya mwaka 1995, ambayo bila shaka imo kwenye flashi yako. Jumba moja la sinema mjini Mumbai, Maratha Mandir, liliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 25. Kijana na binti wanakutana safarini Ulaya na kupendana. Baba wa binti, mwenye duka London, alikwisha kumwahidi rafiki yake wa Punjab kwamba binti ataolewa na mwanawe. Kijana anamfuata mpaka huko. Mama wa binti, ambaye ndiye anayeumia kuliko wote, anawaletea dhahabu zake na kuwaambia watoroke. Sasa tazama: kijana anakataa. Anasema hatamchukua binti wa watu kwa wizi. Atamchukua siku baba mwenyewe atakapomtoa kwa mkono wake. Nusu yote ya pili ya filamu, zaidi ya saa nzima, huyo anayeitwa shujaa wa mapenzi anaitumia kuwabembeleza wazee.

Hapa Tanzania tumezipenda filamu hizi tangu enzi za bibi zetu, wakati hatukuelewa neno hata moja la Kihindi, na mimi naamini sababu ni hiyo. Filamu za Kizungu zina watu wawili tu chumbani; hizi zina shangazi, babu, jirani mbeya, mahari, ahadi iliyotolewa kabla hujazaliwa, na sinia la chakula linalopita katikati ya yote hayo. Tena kwa miongo mingi hazikuonyesha hata busu, ndiyo maana mtu aliweza kukaa na baba yake wakazitazama bila mmoja kujifanya anatafuta kiatu chini ya kiti.

Kwa hiyo usimfiche. Mkaribishe, na uwe mkalimani wake. Usianze na yenye sauti ya mtafsiri anayepiga kelele juu ya kila neno. Wengine wana vichekesho vizuri, lakini kwa mara ya kwanza mama anahitaji utulivu. Ningekushauri muanze na *English Vinglish* ya mwaka 2012, iliyochezwa na Sridevi. Inamhusu mama wa nyumbani anayetengeneza na kuuza ladu, hodari katika kazi yake, lakini mumewe na binti yake wanamcheka kwa sababu hajui Kiingereza. Anakwenda New York kwa ajili ya harusi ya mtoto wa dada yake na kujiandikisha kisirisiri kwenye darasa la lugha. Siku ya mtihani, sinia la ladu za harusi linamwagika, na anakaa chini kuzitengeneza upya kwa mikono yake ingawa mtihani unampita. Mama yeyote aliyewahi kuachiwa harusi ya watu mikononi ataelewa hapo bila mkalimani. Filamu nyingine nzuri ya jikoni ni *The Lunchbox* ya mwaka 2013, ambamo chakula cha mchana ambacho mke anampelekea mumewe kinafika kwa mwanaume mwingine na barua zinaanza kupita ndani ya vyombo. Ni nzuri mno. Ila hiyo mama asianze nayo, tafadhali.

Lakini nisikutetee kwa kila kitu. Mama mkwe wako ana hoja mahali pamoja, nawe unapajua. Filamu huishia pale ambapo treni inaondoka na binti ameshikwa mkono; wewe umeanzia hapo, na baada ya treni hiyo kuna nepi, luku iliyoisha na mume anayeingia saa mbili usiku akiwa na vumbi la Mtumba mpaka kwenye kope. Jichunguze dakika zile za kwanza anapofungua mlango. Kama unamtazama anavua buti na moyoni unamwona amepungukiwa kitu, basi siku hiyo filamu imekula zaidi ya muda wako. Kama unamtazama na kutaka kumsimulia hadithi uliyoiona, haijakudhuru.

Nimebakiza jambo lililonifanya nitabasamu niliposoma barua yako. Unasema mama anakataa chakula cha Kihindi na kwenda kujisongea ugali wa uwele. Mwanangu, uwele ni chakula cha Kihindi. Katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, ambako kuna ukame na joto kama kwetu, nafaka hiyo hiyo huitwa bajra, na watu wa vijijini hula mkate wake hasa msimu wa baridi, ukiwa umepakwa samli, pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili au kipande cha sukari guru. Tena haikutoka kwao kuja kwetu. Ilianza kulimwa Afrika Magharibi, ukingoni mwa Sahara, na kufika India zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mtama nao ulikwenda hivyo hivyo kutoka Afrika. Ndiyo hao hao India walioomba Umoja wa Mataifa uutangaze mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii hiyo, na ukatangazwa, huku sisi vijana wetu wakiona haya kuagiza ugali wa uwele mbele ya wageni.

Mpikie mama mkate huo. Unga wa uwele haunati kama wa ngano, kwa hiyo usijaribu kuusukuma kwa mti wa chapati, utakatika. Chemsha maji, yatie kwenye unga kidogo kidogo, kanda unga ukiwa bado wa moto kiasi ambacho kiganja kinavumilia, tengeneza donge, kisha ulipigepige kati ya viganja viwili huku ukilizungusha mpaka liwe bapa la unene wa kidole chembamba. Litie kwenye kikaango kikavu, funika, geuza mara moja. Pengine yeye atakuzidi katika kupigapiga, na hapo mpe nafasi. Andaa na mlenda wake pembeni, na dengu zako pembeni nyingine. Sikuahidi kwamba atakula dengu.

Barua ya pili

*Habari za kazi, Mama. Nimeona filamu moja ya Kihindi ambayo bibi anamfundisha mke wa mjukuu wake kupika dengu, na zinaiva laini kama uji. Mimi nikipika hapa Manyoni nachemsha saa tatu, mkaa unaisha, nazo bado zinagongana kwenye sufuria. Nakosea wapi? – Msomaji, Manyoni*

Nzuri, ndugu msomaji. Huenda hukosei popote isipokuwa kwa kuishi mahali pa juu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Manyoni mko juu zaidi yetu. Katika kimo hicho maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi takribani 96 badala ya 100, kwa hiyo dengu hupata joto pungufu hata kama sufuria inatokota mpaka kifuniko kinacheza. Ongeza na maji ya visima vya kanda yetu, ambayo mengi yana chumvichumvi na chokaa; chokaa hiyo hushika ganda la dengu na kulifanya ligome.

Loweka dengu tangu jioni, na asubuhi mwaga maji hayo. Ukiweza, pikia maji ya mvua au ya kununua. Usitie nyanya, ukwaju wala ndimu mpaka dengu ziwe zimelainika kabisa, kwa sababu uchachu nao huzifanya zikaze, na hili ndilo kosa ambalo nimeliona katika majiko mengi kuliko mengine yote. Magadi kidogo huharakisha, ingawa hupunguza vitamini na yakizidi mchuzi huwa na ladha ya sabuni. Jiko la presha ndilo dawa kamili kwa mwenye nalo, maana hupandisha joto kupita lile la kuchemka.

Isitoshe, huenda dengu ulizoziona kwenye filamu hazikuwa dengu. Ile rojo ya njano inayoliwa karibu kila siku katika nyumba nyingi za Kihindi mara nyingi ni mbaazi zilizoparazwa na kutolewa ganda, na hizo huiva mapema zaidi. Mbaazi ni mwenyeji wa India aliyehamia kwetu, na wakulima wa Babati na Kondoa wamekuwa wakizilima kwa kutegemea soko la huko. Wale waliokuwa na magunia ghalani mwaka 2017, India ilipowekea kikomo mbaazi kutoka nje na bei ikaporomoka, hawahitaji kukumbushwa. Nunua za kuparazwa, zichemshe na manjano, ziponde kwa upawa. Halafu, na hapa ndipo utamu ulipo, pasha samli au mafuta ya alizeti kwenye kikaango kidogo, tia bizari nyembamba, na zikianza kurukaruka tia vitunguu saumu vilivyokatwa vyembamba na pilipili kavu moja. Vitunguu vikigeuka rangi tu, mimina vyote juu ya mbaazi, na ufunike haraka ili ile harufu isitoroke. Mlio wake utausikia mpaka uani.

Barua ya tatu

*Mheshimiwa mwandishi wa safu, mimi ni mwanaume, ninaishi Ilazo, na nina mke na mtoto mmoja. Nakuomba uniokoe. Mke wangu ananiambia kila siku kwamba simpendi kama Shah Rukh Khan anavyopenda. Siimbi, sichezi, na juzi ameniuliza kwa nini sijawahi kufunga kwa ajili yake, wakati yule alifunga. Mimi nafanya kazi ya dereva na sauti yangu ni ya kuitia abiria. Nifanye nini? – Baba mwenye shida, Ilazo*

Pole, baba. Nikutulize kwanza: Shah Rukh Khan naye haimbi. Katika filamu za Kihindi nyimbo hurekodiwa studio na waimbaji maalumu, kisha mwigizaji hufungua mdomo mbele ya kamera kufuatisha sauti ya mwingine. Katika ile filamu ya mwaka 1995 niliyomweleza Mama K., ambayo yeye ndiye shujaa wake na ndimo alimofunga, sauti ya shujaa kwenye nyimbo ni ya akina Kumar Sanu na Udit Narayan. Na yule binti wa miaka 21 anayerukaruka kwenye mvua akiota mchumba aliimbiwa na Lata Mangeshkar, aliyezaliwa mwaka 1929; alikuwa na umri wa miaka 66 filamu ilipotoka. Kwa hiyo mkeo akikuambia huimbi, mjibu kwa adabu kwamba unasubiri bibi wa kukuimbia.

Kuhusu kufunga, ile ni desturi ya wanawake walioolewa wa Kaskazini mwa India, inayoitwa Karva Chauth. Mke hukaa bila chakula wala maji tangu alfajiri mpaka mwezi uonekane, kwa kumwombea mumewe maisha marefu. Mwezi huutazama kupitia chekeche, kisha hutazama uso wa mume, na mume humpa maji ya kwanza. Desturi haimdai mume kufunga. Shujaa kufunga naye ni nyongeza ya mtunzi, na ilipendwa sana kwa sababu wanawake wengi waliona kwamba, hata hivyo, ingekuwa haki. Sikushauri ufunge huku unaendesha gari lenye abiria.

Lakini mkeo ameona kitu ambacho wewe hukukiona, kwa kuwa nadhani uliitazama filamu hiyo ukiwa na simu mkononi. Mwombe muirudie, na safari hii usitazame nyimbo. Tazama pale kijana yule anapokuwa ndani ya nyumba ya wakwe wasiomtaka, wakati wanaume wengine wako nje wanapiga soga na kuzungumza habari za kuwinda: yeye yuko pamoja na akina mama wa nyumba ile, anamenya karoti. Hakuna aliyemwomba. Ana kisu, ana karoti, anaongea na shangazi mtu. Naamini nusu ya wanawake waliompenda walimpenda hapo, siyo kule milimani kwenye theluji.

Karoti zipo sokoni Majengo kila siku. Chagua nyembamba, nene huwa na moyo mgumu.